Oregano Nairobi ipandwe lini? Usingoje mvua, itangulie

"Habari yako mwalimu. Naishi pande za Embakasi, nyumba ya kupanga ya chini, nyuma kuna kanafasi kama mita mbili kwa tatu, udongo ni ule mweusi, na mbele nina veranda inaangalia kusini. Napika kuku wa oda na pizza za wikendi, na hii oregano iliyokaushwa ya supamaketi inanimaliza pesa, nikaamua nipande yangu. Pakiti ya mbegu imeandikwa panda kuanzia Machi mpaka Mei. Nikapanda Aprili hapo nyuma mvua ikiwa imeshika vizuri, nikaweka mbolea ya kuku, zikamea chache halafu ndani ya wiki moja zote zikalala chini zikaisha. Nikarudia mwisho wa Mei kwa trei kwenye veranda, hizo zilimea lakini saa hii tunamaliza Agosti na hazijafika hata urefu wa kidole, hazikui wala hazifi. Jirani mmoja anasema nilikosea mwezi, ningojee mvua ya Oktoba ishike ndio nipande. Mwingine ananiambia oregano ni mmea wa wazungu, Nairobi haiwezi. Naomba ukweli, nipande lini? Na hivi vimiche nilivyonavyo nivitupe?"

Pole sana dada, na kwanza kabisa usivitupe. Nitakuambia baadaye vya kufanya navyo, lakini wacha nianze na jibu lenyewe ndio usisome hii yote ukitafuta mwezi. Kwa Nairobi, miche ya oregano inatiwa mahali pake kuanzia mwanzo wa Septemba mpaka wiki ya kwanza ya Oktoba, na ukikosa hapo, kuanzia katikati ya Januari mpaka mwisho wa Februari. Yaani mara zote mbili unapanda kama mwezi mmoja kabla mvua haijashika, mvua inakuja ikipata mizizi imeshateremka chini. Aprili na Mei ni miezi mibaya, na Juni mpaka Agosti haitaua mmea mkubwa lakini mche mchanga utakaa tu hapo ukikuangalia, kama vile umeona mwenyewe.

Kwa hivyo wewe hukosei kushika jembe, ulipewa tu kalenda mbili ambazo zote si za mmea huu.

Kalenda ya kwanza ni ya pakiti. Mbegu nyingi za viungo zinazouzwa hapa zinafungwa na maandishi ya nchi zenye theluji, na huko Machi mpaka Mei ndio baridi inatoka, udongo unapata joto, mchana unarefuka mpaka Juni unafika masaa kumi na sita. Sisi tuko karibu sana na ikweta, mchana wetu ni masaa kumi na mawili Januari, masaa kumi na mawili Juni. Na hiyo Machi mpaka Mei yao ya kutoka kwa baridi, kwetu ndio mvua ndefu, halafu baada yake tunaingia kwa baridi badala ya kutoka. Ukifuata pakiti neno kwa neno unapanda mwezi wenye maji mengi kuliko yote ya mwaka, Aprili, halafu mche ukianza tu kushika unakutana na Juni.

Kalenda ya pili ni ya jirani, na hii naielewa sana kwa sababu ndio tumelelewa nayo. Mahindi, maharagwe, viazi, hata sukuma, unangoja mvua ianze halafu unapanda haraka. Hiyo ni sawa kabisa kwa mimea ambayo inataka kunywa kila siku na inamalizana na wewe ndani ya miezi michache. Oregano haiko hivyo. Kwao asili ni vilima vya nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, Ugiriki, Italia, Uturuki, kule kwenye mawe mawe na udongo mwembamba wenye chokaa, na mvua yao inanyesha wakati wa baridi, kiangazi hakuna kitu, jua tu. Ni mmea uliozoea kiu. Majani yake ni madogo, yana vinywele, na yale mafuta yanayonukia ambayo ndio wewe unatafuta kwa kuku wako, kavakroli na thaimoli, ni sehemu ya vile mmea unajilinda. Kwa hivyo ukiupanda katikati ya mvua umeuanzisha maisha kwa kitu ambacho ndio haukiwezi, miguu kukaa ndani ya maji.

Na si ati hauwezi Nairobi, mwambie huyo jirani wa pili nimesema hivyo. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 hivi, usiku kuna ubaridi kidogo, mchana joto la kadiri, hakuna barafu ya kuua mmea. Oregano ikishashika hapa inaishi mwaka mzima bila kulala, na inakupa miaka mitatu, minne mizuri kabla ianze kuwa miti miti katikati. Mombasa ndio ningekuambia utapata shida kwa sababu ya joto na unyevu. Hapa shida yetu ni maji na mawingu tu, na zote mbili zinajulikana zinakuja lini.

Sasa tuangalie ile ya Aprili, ilikufa na nini. Vile umeeleza, kumea halafu kulala chini ndani ya wiki, hiyo ni kinyausi. Ni vimelea vinavyoishi kwa udongo kila mahali, na vinapata nguvu udongo ukiwa baridi na umelowa bila kukauka. Vinashika ule mche pale shina linapoingia ardhini. Siku nyingine ukiona miche inalala, chuchumaa uangalie hapo kwa karibu, utakuta shina limekuwa jembamba kama limefinywa na uzi, rangi imegeuka kahawia, na majani ya juu bado ni kijani kabisa. Hiyo ndio inachanganya watu, wanaona majani mazuri wanafikiri mmea una kiu, wanaongeza maji, wanamalizia kazi. Ukishaona hivyo huo mche hauponi, unaokoa tu wenzake kwa kuacha kumwagilia na kuupa upepo.

Mbolea ya kuku nayo iliongezea. Ikiwa bado ni mbichi, ile inanuka ukifungua gunia, ina chumvi na amonia ya kuunguza mizizi midogo, na inashika unyevu karibu na shina. Na hata ikiwa imeoza vizuri, oregano haitaki nyingi. Ukiilisha sana naitrojeni, iwe ni mbolea ya kuku au ile ya dukani ya CAN, inatoa majani makubwa laini ya kupendeza macho, ukiyasugua mkononi harufu iko chini. Wewe unapikia watu wanalipa, hutaki majani ya maji.

Halafu udongo wako. Udongo mweusi wa Embakasi, na ni huo huo mpaka Syokimau na Kitengela, ni mfinyanzi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukivimba, zile nafasi ndogo ndogo za hewa zinajifunga, maji yanakaa, na mizizi inahitaji hewa kama sisi tu, ikikosa siku kadhaa inaoza. Mtu wa Kabete au Kikuyu mwenye udongo mwekundu anaweza kupanda hata Novemba mvua ikinyesha na asipate shida kubwa, kwa sababu udongo wake unapitisha maji. Wewe huwezi kumuiga. Ndio maana mtu akiniuliza tu mwezi, lazima nimuulize uko upande gani wa mji kwanza, maana ukiwa kwa udongo mweusi, wakati mzuri unakuwa mfupi zaidi.

Sasa ile ya pili, ya Mei kwa trei, hiyo ndio imenifurahisha kusoma kwa sababu umenipa kitu kimoja muhimu bila kujua, kwamba veranda inaangalia kusini.

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, digrii moja na kitu. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka karibu tarehe 20 Septemba, jua la hapa linapita upande wa kaskazini. Juni ndio liko kaskazini zaidi, linachomoza kaskazini ya mashariki, linazama kaskazini ya magharibi, siku nzima halivuki kuja kusini. Kwa hivyo veranda yako kuanzia ulipopanda mpaka leo haijapigwa na jua la moja kwa moja, imekuwa ikipata mwanga tu wa angani. Ongeza na mawingu. Unajua vile Julai inakuwa, asubuhi mji mzima umefunikwa, watu wako na majaketi mpaka mchana, jua likitoka linatoka saa nane saa tisa. Kwa wastani Julai na Agosti Nairobi inapata kama masaa manne ya jua kwa siku, wakati Januari inapita tisa. Oregano inataka masaa sita ya jua lenyewe. Vimiche vyako havina ugonjwa dada, vilikosa chakula, kwa sababu mmea unapika chakula chake kwa jua. Usiku nao unashuka mpaka digrii kumi na moja, kumi na mbili, mizizi inafanya kazi polepole.

Na sasa habari nzuri. Baada ya hiyo tarehe 20 Septemba jua linahamia upande wa kusini, yaani upande wako, na litakaa huko mpaka Machi. Veranda yako inaingia kwa miezi yake bora wiki chache kutoka leo. Mtu mwenye veranda ya kaskazini ni kinyume, yeye Juni mpaka Agosti ndio anapata jua la pembeni mawingu yakikubali, na Desemba anapoteza. Ya mashariki inapata jua la asubuhi ambalo ni zuri sana Januari na Februari lakini Julai linaliwa na mawingu, ya magharibi inapata la jioni. Ndio maana mimi napenda mtu achukue siku moja tu, aangalie jua linafika pale mahali saa ngapi na linaondoka saa ngapi, aandike hata kwa simu. Ikiwa ni saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, umemaliza. Ikiwa linagusa kwa muda wa saa moja tu halafu fleti ya jirani inalificha, hakuna mwezi wowote utakaokusaidia hapo, tafuta pengine. Na kwa veranda yenye paa, jua la mchana huku kwetu linakuwa juu sana, halifiki ndani, kwa hivyo sogeza mikebe mpaka ukingoni kabisa, na ikiwa unaning'iniza kwa vyuma funga na waya vizuri isiangukie mtu.

Basi ufanye nini. Una njia tatu na nitakuambia ukweli wa kila moja.

Ya mbegu ndio ya bei rahisi na ndio ya kuchelewesha. Mbegu ya oregano ni ndogo kama ugoro, na inataka mwanga ndio imee, kwa hivyo ukiifukia hata sentimita moja umeizika. Inanyunyizwa juu, unaigandamiza kidogo na kiganja, unapulizia maji na chupa ya kupulizia, basi. Ikipata joto la digrii kumi na nane mpaka ishirini na moja inatokea kati ya wiki moja na mbili, halafu inahitaji wiki sita mpaka nane kabla ya kuhamishwa. Piga hesabu, ukimwaga mbegu wiki ya kwanza ya Septemba, unahamisha mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, na hapo mvua fupi imeshaingia. Kwa mkebe chini ya paa haina neno. Kwa udongo wako wa nyuma ni kurudia Aprili. Kwa hivyo kama ni mbegu na ni ardhini, mimi ningekuambia umwage mwisho wa Desemba, uhamishe nusu ya pili ya Februari. Kuna jambo lingine la mbegu, miche yake haifanani. Mmoja unanukia vikali, mwingine karibu hauna harufu, hata kama ni pakiti moja. Itabidi uonje na uchague.

Ya vipandikizi ndio naipenda zaidi kwa saa hii. Ukipata mtu ambaye oregano yake inanukia vizuri, au ukinunua fungu bichi kabisa, pale soko la City Park huko Parklands wanauza viungo vibichi vya kila aina, chagua matawi ambayo hayajatoa maua na hayajakuwa magumu kama mti. Kata sentimita nane mpaka kumi, chini kidogo tu ya pale majani yanapotokea. Ng'oa majani ya nusu ya chini yote, uache yale ya juu. Chomeka kwa mchanga wa mto, ule wa fundi wa nyumba, uliooshwa na kuloweshwa lakini hautiririki, chomeka mpaka zile sehemu ulizong'oa majani zizame. Funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko umetoa ipate hewa, weka mahali penye mwanga lakini si jua kali. Usivute vute kila siku kuangalia. Baada ya wiki tatu hivi vuta kidogo sana, ukiona kanakataa kutoka, kameshika mizizi. Weka vingi kuliko unavyohitaji maana vingine vitaoza, hiyo ni kawaida. Ukianza wiki hii, mwisho wa Septemba unahamisha, na mvua ya vuli ikija katikati ya Oktoba inakuta miche imesimama.

Ya tatu ni kununua miche tayari, zile nasari za kando ya Ngong Road na Thika Road wanazo. Ni haraka, ila chunguza mambo mawili. Moja, hakikisha ni oregano yenyewe. Kuna mmea unauzwa kwa jina hilo wenye majani mazito, manene, yana manyoya na yanavunjika kwa maji maji ukiyakunja. Huo ni mmea mwingine kabisa, unanukia karibu sawa na unapikika, lakini kukausha ni taabu kwa sababu ya maji na kwa pizza watu watakuuliza ni nini hii. Oregano ya kweli jani lake ni jembamba, dogo kama ukucha wa kidole, linakauka kwa siku chache. Sugua jani, nusa, onja kidogo, ikikuwasha ulimi kidogo ni hiyo, ikiwa ni tamu tamu na laini pengine ni majoramu, ndugu yake. Mbili, geuza ule mfuko mweusi uangalie chini. Mizizi nyeupe ni sawa. Kama ni ya kahawia, ina telezi na inanuka, rudisha, hata kama juu ni kijani.

Kuhusu mahali, kwa mwaka huu wa kwanza ningeweka nguvu kwa mikebe ya veranda. Mtungi wa mafuta wa lita ishirini ukikatwa katikati unatoa vyombo viwili vizuri, toboa matundu mengi chini. Changanya udongo mwekundu ndoo mbili, mchanga wa mto ndoo moja, samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa nusu ndoo. Watu wengi wanajaza kokoto chini ya mkebe ati ndio maji yatoke, lakini haisaidii vile wanafikiri, maji yanasimama palepale udongo unapokutana na kokoto na yanakaribia mizizi zaidi. Huo mchanga uuchanganye kote badala ya kuweka tabaka. Ukiweka mimea minne au mitano namna hiyo, unavuna kwa zamu, wikendi zako za kawaida zitatosheka bila kukwangua mmea mmoja mpaka ufe.

Nyuma ya nyumba usipaache, lakini pajengee kwanza. Tengeneza tuta la kuinuka sentimita thelathini hivi kwa mchanganyiko huo huo, usichimbe shimo kwenye udongo mweusi ukajaza udongo mzuri ndani, kwa sababu mvua ikija hilo shimo linakuwa beseni. Acha sentimita ishirini na tano mpaka thelathini kati ya mmea na mmea. Na kabla hujahamisha chochote huko Oktoba, sikiliza utabiri wa msimu. Idara ya Hali ya Hewa hutoa ule wa Oktoba mpaka Desemba karibu na mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, si wa kilimo kikubwa pekee, hata wewe wa tuta moja unakufaa. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Nino, ikamwaga kupita kiasi, na unakumbuka Aprili na Mei ya 2024 vile mji ulifurika. Wakisema mvua itapita wastani, bakisha kila kitu chini ya paa mpaka Januari, utapoteza miezi mitatu hivi tu. Wakisema itakuwa chache, hamisha bila wasiwasi na uweke maji ya akiba, maana na huu mgao wa maji wetu mche wa wiki mbili hauwezi kungoja mpaka zamu ya mtaa wako.

Kumwagilia, wiki mbili za kwanza udongo usikauke kabisa. Baada ya hapo ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, ukikuta pamekauka mwaga maji mengi mara moja yatokee chini, halafu uache. Kumwaga kidogo kidogo kila jioni ndio kunaoza mizizi na kuilegeza harufu.

Sasa vimiche vyako vya Mei. Vina miezi mitatu, vimepita baridi yote, mizizi vinayo. Punguza maji, usivipe CAN ati vishtuke vikue, vitatoa shina refu dhaifu. Kama una mahali popote panapopata jua saa hii, hata juu ya ukuta nyuma, vizoeshe, siku ya kwanza saa moja, kesho yake mbili, ndani ya wiki vikae masaa yote, kwa sababu majani yaliyokulia kivulini yanaungua yakitupwa kwa jua ghafla. Vikifika katikati ya Septemba vikiwa vimetoa majani mapya hata mawili juu, tia kila kimoja kwa mkebe wake na ukate kancha ka juu ndio kitoe matawi pembeni. Visipotoa jani jipya mpaka mwanzo wa Oktoba na jua limeshakuja upande wako, hapo ndio naweza kukubaliana na wewe uviache, utumie vipandikizi. Lakini mimi naona vitakwenda.

Mavuno ya kwanza madogo ni mmea ukifika sentimita kumi na tano, Desemba hivi. Kata asubuhi umande ukishakauka, saa tatu saa nne, na usichukue zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Ila ile ya kukausha na kuweka kwa chupa, subiri Januari na Februari. Jua ni refu, mvua ni chache, mafuta yanajaa kwa majani, na harufu inafika kilele maua yakikaribia kutoka. Ndio sababu nyingine ya kuanza Septemba na si baadaye, mmea unakuwa mkubwa wa kutosha wakati ule ambao Nairobi inaupa ladha.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa. Ukiona majani ya chini yana vipele vya rangi ya kutu, au mmea mkubwa unanyauka mchana hata baada ya kumwagilia na asubuhi haujanyanyuka, au mikebe mitatu inakufa mmoja baada ya mwingine kwa mtindo uleule, usiende tu agroveti ukaulizwa "nikupatie dawa gani". Unakula hayo majani, na dawa nyingi za ukungu si za kupulizia kiungo unachovuna kila wiki. Tafuta afisa wa kilimo wa wodi yako, kaunti inao na kazi yake ni hiyo. Ukitaka kupima udongo wa nyuma kabla hujatumia pesa kwa tuta, KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, kule Kabete wana maabara ya udongo. Na maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park huwa mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, ukienda utapata wataalamu wamesimama kwa mahema hawana haraka. Popote utakapoenda usibebe jani peke yake. Ng'oa mmea mmoja mgonjwa na mizizi na udongo wake, utie kwa mfuko wa karatasi, si wa plastiki utatoa jasho, uupeleke siku hiyo hiyo, na umwambie umemwagilia lini mara ya mwisho na jua linafika hapo saa ngapi.